Usipime Mita Pekee: Bakteria Wanavyosafiri Kutoka Shimo la Maji Taka Hadi Kisimani

Majibu ya kwanza ya maabara niliyoyapata kuhusu kisima cha nyumbani kwetu yalikuwa karatasi moja tu, na mstari mmoja katika karatasi hiyo ulinifanya nikae chini: E. coli, bakteria wa kinyesi, 46 katika mililita 100 za maji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka bakteria huyo asionekane hata mmoja katika kiasi hicho. Kisima kilikuwa mita 34 kutoka shimo la maji taka, na umbali huo niliupima mwenyewe kwa tepu, mara mbili, kabla ya kuchimba, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba mita 30 zinatosha. Kwa miezi minne watoto walikuwa wakiharisha na kupona na kuharisha tena, na kila mara tulitafuta sababu nyingine, kwa sababu maji yalikuwa meupe, baridi na hayana harufu.

Tangu wakati huo nimesaidia majirani na jamaa kukagua visima vyao, na ushauri wangu wa kwanza kwa kila mmoja ni kwamba tepu haijibu swali lenyewe. Kinachotakiwa kujulikana ni maji yanachukua siku ngapi kutoka kwenye uchafu hadi kisimani, na yanapita katika kitu gani yakiwa njiani.

Kanuni ya mita 30 ina msingi. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvifuata wakati wa maafa, vinataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na chini ya shimo pawe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji hayo. Watu wengi huikumbuka sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili, ilhali kwa maoni yangu hiyo ya pili ndiyo inayookoa zaidi. Udongo ulio juu ya usawa wa maji haujajaa maji. Una hewa, na maji yanayoshuka humo hutambaa polepole kama utando mwembamba juu ya chembe za udongo. Bakteria wa kinyesi akipita hapo hunaswa kwenye chembe, hukaushwa, hukosa chakula, huliwa na viumbe wadogo wanaoishi humo tangu zamani, na wengi hufa kabla ya kwenda mbali. Lakini shimo likizama ndani ya maji yenyewe, ulinzi huo wote umepitwa, na bakteria anaanza safari akiwa tayari amepanda chombo. Shimo letu lilikuwa na kina cha mita tatu na nusu. Wakati wa kiangazi maji yalikuwa mita tano chini, na kila kitu kilionekana sawa. Mvua zilipokolea yalipanda hadi mita tatu, na kwa majuma kadhaa sehemu ya chini ya shimo ilikuwa ikioga katika maji yaleyale tuliyokuwa tukiyavuta.

Bakteria aina ya E. coli ana upana wa karibu mikromita moja na urefu wa karibu mbili, yaani sehemu mbili za milimita iliyogawanywa mara elfu. Mianya kati ya chembe za mchanga mkubwa ni mipana kuliko yeye mara kadhaa, mara nyingine mara mia. Kwa hiyo mchanga haumzuii kwa namna ambayo chujio huzuia machicha. Udongo wa mfinyanzi una mianya midogo kuliko mwili wake, nao huweza kumzuia kweli, mradi haujapasuka kwa ukame wala kutobolewa na mizizi. Katika mchanga anazuiwa kwa kunata: anagonga chembe, anaishikilia, na akibahatika anabaki hapo hadi kufa. Kunata huko kunategemea chaji za umeme. Mwili wake na chembe za mchanga kwa kawaida vina chaji hasi, hivyo vinasukumana, ila chumvi zilizoyeyuka katika maji hupunguza msukumano huo na kumruhusu asogee karibu. Chembe zilizopakwa kutu ya chuma, zile zinazoupa udongo rangi nyekundu, mara nyingi zina chaji chanya na humvuta.

Hapa ndipo mvua inapofanya jambo ambalo watu wengi hawalitegemei. Maji ya mvua yana chumvi kidogo sana. Yanapoingia ardhini na kuchanganyika na yale yaliyokuwamo, msukumano unarudi, na bakteria waliokuwa wamenata kwa siku kadhaa wanaachia na kuendelea na safari. Mvua hiyohiyo imeinua usawa wa maji na kuongeza kasi yake. Ndiyo maana kisima kinaweza kupimwa mara kumi wakati wa kiangazi kikaonekana salama, kisha mvua moja kubwa ikakiharibu. Ukiwa na uwezo wa kulipia kipimo kimoja tu kwa mwaka, kifanye siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza ya msimu, na kama majibu ya wakati huo ni mazuri unayo sababu ya kuyaamini.

Niliwahi kuulizwa kama bakteria huogelea wenyewe hadi kisimani. E. coli ana mikia inayozunguka, naye huogelea kwa kasi ya mikromita 20 hadi 30 kwa sekunde. Kama angenyoosha njia bila kusimama, angeweza kwenda takriban mita mbili kwa siku. Hanyooshi hata kidogo: baada ya sekunde moja hivi anapinduka na kuchagua mwelekeo mwingine, na mizunguko hiyo yote humwacha milimita chache tu kutoka alipoanzia siku ikiisha. Anayembeba ni maji. Kuogelea kuna maana pale penye chakula cha kumvuta, na jambo hili lina faida yake kwa upande mwingine, kwa sababu wapo bakteria wa ardhini wanaokula mafuta ya petroli yaliyovuja, nao huweza kuyafuata hata katika matabaka mabana ambamo maji hupita kwa shida. Huko Bemidji katika jimbo la Minnesota, Marekani, bomba la mafuta ghafi lilipasuka mwaka 1979, na wanasayansi wamekuwa wakifuatilia kwa miongo kadhaa jinsi bakteria wa mahali hapo wanavyoyala mafuta hayo polepole chini ya ardhi. Bakteria wa kinyesi hana kazi ya aina hiyo huko chini. Yeye ni abiria anayekufa taratibu, na tunachotaka ni safari yake ichukue muda mrefu kuliko uhai wake.

Kasi ya maji kutoka shimoni hadi kisimani niliitafuta kwa chumvi. Niliyeyusha kilo 50 za chumvi katika mapipa ya maji, nikaimimina katika shimo la maji taka jioni moja, kisha kila asubuhi na kila jioni nikapima uwezo wa maji ya kisima kupitisha umeme, kwa kifaa kidogo cha mkononi ambacho hutumbukizwa katika kikombe. Siku tano namba haikutikisika, na nilikuwa nimeanza kujifariji. Asubuhi ya siku ya sita ilipanda, jioni ikapanda zaidi, na ilikaa juu kwa siku nne. Mita 34 kwa siku sita. Chini yetu kulikuwa na tabaka la changarawe ambalo hakuna aliyelitaja wakati wa kuchimba, ingawa mchanga mkubwa na vijiwe vilivyotoka kwenye shimo vilikuwa vimerundikwa pembeni kwa kila mtu kuviona. Ukichimba kisima, simama hapo, na kwa kila mita chota konzi moja ya udongo uiweke kwa mpangilio juu ya turubai. Rundo hilo litakueleza mambo ambayo baadaye utayatafuta kwa taabu.

Anayetaka kurudia jaribio hili aelewe kwamba chumvi inamwonyesha mwendo wa wastani. Chumvi iliyoyeyuka huingia hata katika mianya midogo na kuchelewa humo, lakini bakteria, kwa kuwa ni mkubwa zaidi, hubaki katika njia pana ambako maji yanakwenda kasi. Kwa sababu hiyo wale wa kwanza huweza kufika kabla ya sehemu kubwa ya chumvi. Nami ninapofanya hesabu huwa nachukua siku ambayo namba ilianza kupanda, sichukui kilele.

Siku sita ni chache mno. Huko Ujerumani, mpaka wa ukanda wa pili wa ulinzi wa visima vya maji ya umma huwekwa kwa kuhesabu muda: ni pale ambapo maji ya ardhini huhitaji siku 50 kukifikia kisima. Bakteria wengi wa tumboni hufa katika majuma machache wakiwa ardhini, wengine huvumilia miezi kadhaa, hasa maji yakiwa baridi. Virusi ni wadogo zaidi kuliko bakteria, baadhi wakipimwa kwa makumi ya nanomita tu, na huweza kudumu na kwenda mbali zaidi, kwa hiyo kukosekana kwa E. coli katika sampuli moja hakuondoi shaka yote.

Penye mwamba wenye nyufa au mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji, hesabu za mchanga hazifai kitu. Humo maji hupita katika nyufa kama katika bomba, na huweza kwenda mamia ya mita kwa siku bila chochote cha kuwanasa bakteria. Mji wa Walkerton nchini Kanada ulilipia jambo hilo mwezi Mei mwaka 2000, pale mvua kubwa ilipoingiza bakteria kutoka samadi ya shamba la jirani katika kisima kifupi kilichovuta maji kwenye mwamba wenye nyufa. Dawa ya klorini haikuwa ikiwekwa ipasavyo. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na saba wakafariki. Nikisikia mtu anasema kisima chake ni salama kwa sababu kimetoboa mwamba, huwa namwomba asimame kwanza tuzungumze.

Mambo mawili mengine yaliharakisha safari katika kisima chetu, na yote mawili tuliyafanya wenyewe au tuliyaacha yafanyike. La kwanza ni pampu. Ukivuta maji kwa nguvu na kwa muda mrefu, usawa wa maji kuzunguka kisima hushuka kama faneli, na maji ambayo yangekwenda upande mwingine hugeuka na kukifuata kisima, pamoja na yale yaliyo chini ya choo. Sisi tulikuwa tukijaza tangi kwa saa tatu mfululizo. Sasa tunavuta nusu saa, tunapumzika, tunavuta tena.

La pili niliona kwa macho yangu nilipopiga magoti na tochi. Kati ya bomba la kisima na udongo kulikuwa na nafasi ya upana wa kidole changu, imefunikwa juu kwa majani na udongo laini. Fundi alikuwa ametakiwa kuijaza saruji katika mita tatu za juu, naye hakufanya hivyo. Nilimwaga ndoo moja ya maji hapo, nayo yalipotea kabla sijaiweka ndoo chini. Maji yote ya mvua yaliyotapakaa uani, pamoja na vinyesi vya kuku, yalikuwa na mlango wake binafsi wa kwenda chini bila kupita katika udongo hata kidogo. Kabla ya kulaumu choo, kagua nafasi hiyo, kagua nyufa za zege linalozunguka kisima, na hakikisha maji yaliyomwagika yanatiririka kwenda mbali.

Tuliziba nafasi hiyo kwa saruji, tukajenga shimo jipya la maji taka lenye kina kifupi upande ambao maji ya ardhini yanaelekea, mbali na kisima, na la zamani tukalinyonya na kulifukia. Mtu asidanganyike kwamba kumwaga klorini nyingi kisimani mara moja kunamaliza tatizo. Kunaua waliomo siku hiyo, na wengine wako njiani. Klorini ya kila siku ni jambo tofauti: baada ya nusu saa, maji yabaki na miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, kwa lita, na maji yenye tope yachujwe kwanza, kwa kuwa tope huila dawa na huwaficha bakteria. Wakati wa kusubiri tulichemsha maji yote ya kunywa hadi yakatokota vizuri.

Kuhusu sampuli, tumia chupa iliyosafishwa na maabara, usiisuuze, usiguse mdomo wake, acha maji yatiririke dakika kadhaa kabla ya kukinga, kisha iweke kwenye barafu na uifikishe siku hiyohiyo. Omba pia kipimo cha nitrati. Hiyo hutokana na kinyesi na mkojo, hainati kwenye mchanga, wala haifi.

Mwaka mmoja baada ya kazi hizo, kipimo cha baada ya mvua kubwa kilionyesha E. coli sifuri, na nitrati miligramu 38 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 50, kwa hiyo maji yalifaa. Lakini namba hiyo inaniambia kwamba bado kuna maji yanayotoka kwenye uchafu wa watu au mifugo na kufika kisimani kwetu, yakiwa yameacha bakteria njiani kwa mwaka huu. Nitrati haiondoki kwa kuchemsha, hivyo tunaipima kila msimu wa mvua, na klorini hatujaiacha.