Nilivyouza kitabu cha vikoba bila kutegemea duka la vitabu

Nakala 500 za kitabu changu zilishuka stendi ya Msamvu, Morogoro, mwezi Machi 2021, maboksi kumi yaliyokuja kwa basi kutoka kwa mchapaji Dar es Salaam. Nikayapanga chumba cha watoto, upande wa dirishani. Kitabu chenyewe kina kurasa 96 na kinafundisha kutunza hesabu za kikoba, yaani kikundi cha watu wanaoweka akiba na kukopeshana: daftari la hisa, daftari la mikopo, mfuko wa jamii, faini, na namna ya kugawana fedha mzunguko wa mwaka unapovunjwa. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi chetu hapa Kihonda, Morogoro, kwa miaka sita, na kila sura ilitokana na kosa tulilolifanya wenyewe au nililoliona kwa majirani.

Nilianza kama wengi tunavyoanza. Nilikodi ukumbi, nikaalika mgeni rasmi, nikaagiza keki yenye picha ya jalada. Watu walikuja, Mungu awabariki. Siku ile ziliondoka nakala 61. Walionunua walikuwa ndugu, majirani, watu wa jumuiya na wafanyakazi wenzangu, na walinunua kwa mapenzi. Wengi wao hawamo kwenye kikoba chochote, kwa hiyo kitabu kilikwenda kabatini na habari zake zikaishia huko. Miezi mitatu iliyofuata niliuza nakala 9, huku kila asubuhi nikiweka picha ya jalada kwenye stetasi ya WhatsApp na maneno "Kitabu kipo, karibuni sana".

Kila baada ya muda hunipigia mtu aliyechapa kitabu cha ufugaji wa kuku, cha malezi, cha kilimo cha vitunguu. Maboksi yako chumbani kwake, fedha aliyochapia ni ya mkopo, na moyo umevunjika. Nimeona bora niandike yote mahali pamoja.

Mwezi Julai ule alinipigia mama mmoja, katibu wa kikundi cha Mji Mpya. Alinisalimu vizuri, kisha akasema: "Mwalimu, samahani, ule ukurasa wa kugawana hisa tumeutoa kopi kwa mwenzetu mmoja, lakini mstari wa chini haukutoka. Unaweza ukanisomea?" Niliumia. Mimi nina maboksi ndani, watu wanatoa kopi. Lakini nilimsomea, na wakati anaandika nilisikia nyuma yake watu wakibishana kwa sauti, mmoja akisema kwamba amedhulumiwa. Nikamuuliza kikao kijacho ni lini, na kama wataniruhusu nihudhurie.

Nilifika Jumamosi saa kumi jioni. Walikuwa wanachama 25 uani kwa mwenyekiti, sanduku la kufuli tatu katikati, na wenye funguo wamekaa mbalimbali kama katiba yao inavyotaka. Nikabandika karatasi ya manila ukutani na kuandika hesabu yao wenyewe. Hisa zote zilizonunuliwa mwaka mzima ni 3,000, kila hisa shilingi 2,000. Sandukuni, ukishatoa mfuko wa jamii, kuna shilingi 7,350,000. Gawanya kwa 3,000, kila hisa sasa ina thamani ya shilingi 2,450. Aliyedai kudhulumiwa alikuwa mzee mwenye hisa 140. Aliomba kalamu, akaandika kwenye kiganja chake cha kushoto, 140 mara 2,450, polepole, akafuta kwa mate, akaandika tena. Ikatoka 343,000. Alikuwa ameweka 280,000. Alikiangalia kiganja muda mrefu, kisha akauliza, "Kitabu shilingi ngapi?"

Jioni ile nilirudi nyumbani nimeuza nakala 14. Wiki iliyofuata kikundi cha mtaa wa pili wakanipigia.

Tangu hapo ninapoulizwa kitabu kitangazwe vipi, nauliza kwanza: ukurasa wako uko wapi? Karibu kila kitabu cha maarifa kina ukurasa mmoja ambao msomaji ataurudia mpaka uchakae. Kwenye kitabu cha kuku pengine ni ratiba ya chanjo. Kwenye cha vitunguu, pengine ni hesabu ya mbegu kwa ekari. Usipoujua, waulize wale wachache walionunua, nao watakwambia. Ukishaujua, utoe bure. Upige picha safi, uweke kwenye makundi ya WhatsApp, uandike chini jina la kitabu na namba yako. Wenzangu wengi hapa husita, wanaogopa kwamba watu wakipata ukurasa hawatanunua kitabu. Kwangu imekuwa kinyume. Anayetumia ukurasa ule akaona hesabu imekubali ndiye anayetaka kujua mkopo uliochelewa unatozwaje, na hilo liko ukurasa unaofuata. Toa picha tu, usitoe PDF ya kitabu kizima hata kwa rafiki wa karibu, maana ikishatoka simuni mwako huwezi kuirudisha.

Jambo la pili ni majira, na hapa naomba ukae kidogo na kalenda. Vikundi vingi huku kwetu huvunja mzunguko Desemba, ili watu wapate fedha ya sikukuu na ya ada za Januari. Ugomvi wa mahesabu kwa hiyo huanza Novemba. Mimi nilitangaza kitabu Machi, wakati vikundi vimeanza mzunguko mpya na kila mtu ana amani na mwenzake. Siku hizi kazi kubwa naifanya kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi wiki ya kwanza ya Desemba, na kipindi hicho peke yake huuza zaidi ya nusu ya nakala za mwaka. Ukiandika juu ya mahindi, msomaji wako anakuhitaji kabla ya mvua, anaponunua mbegu. Na wewe wa mifugo na kilimo, maonyesho ya Nane Nane yasikupite, yawe ya hapa Morogoro, Nzuguni kule Dodoma au Themi Arusha. Ila ushauri wangu ni kwamba usikodi banda lako mwenyewe kwa mara ya kwanza. Tafuta muuza vifaranga au pembejeo, muelewane uweke meza ndogo ubavuni pake. Mtu aliyetoka kununua vifaranga 100 ana kila sababu ya kununua kitabu.

Kuna na majira yanayoletwa na serikali. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya kijamii daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tangazo la kuomba mikopo likitoka, vikundi hukimbilia katiba na vitabu vya hesabu ambavyo havijaandikwa vizuri kwa miezi. Sura yangu ya tano inahusu kumbukumbu hizo. Kwa hiyo nikisikia tangazo, siku hiyohiyo natuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili kwa makatibu wote nilionao, nikieleza kumbukumbu gani wazihakiki kwanza. Kitabu nakitaja mwishoni, mara moja. Ujumbe huo huzunguka kata nzima.

Kwa mafunzo kwenye kata, pitia ofisi. Andika barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa afisa maendeleo ya jamii, omba kuhudhuria kikao cha vikundi na kufundisha bure kwa saa moja. Umewahi kushauriwa umpe ofisa kamisheni kwa kila nakala? Usifanye hivyo. Ni mtumishi wa umma, utamtia matatani, na vikundi vikijua vitahisi vimelazimishwa kununua. Kamisheni mpe mkufunzi binafsi wa vikundi au mwanachama anayebeba nakala zako kwenda vijijini, naye mpe inayoeleweka. Mimi nilichapa kwa shilingi 4,200 kila nakala, nikauza 10,000. Wakala anachukua 2,500 kwa nakala aliyokwisha kuuza. Nauli ya mzigo kwa basi hadi Kilosa au Ifakara ni juu yangu. Kinachobaki si kingi, lakini kila nakala imekwenda kwa mtu atakayeifungua.

Sasa maduka. Niliacha nakala 60 kwa mali kauli, yaani duka linalipa baada ya kuuza, kwenye duka moja, bila maandishi, kwa kuaminiana. Baada ya miezi minane nilirudishiwa 22 zilizopauka kwa jua na malipo ya nakala 10. Zile 28 hakuna aliyeweza kunieleza zilikwenda wapi, na mimi sikuwa na karatasi ya kuonyesha. Iliniuma sana, maana fedha ile ndiyo iliyokuwa ichape toleo la pili. Kama unaacha mali kauli, andika hati ya kupokelea mzigo, moja ibaki kwako na moja dukani: idadi, bei, asilimia ya duka, tarehe ya kuja kuhesabu, sahihi za pande zote. Na uende tarehe hiyo hata kama hawajakupigia.

Malipo yawe mepesi. Ukurasa wa mwisho wa kitabu changu una namba ya simu na lipa namba, na jina linalotokea mtu anapolipa ni lilelile lililo kwenye jalada. Mwanzoni nilitumia laini ya mdogo wangu. Watu walipoona jina geni walisita, na wengine waliacha kabisa. Walikuwa na haki, matapeli wamekuwa wengi.

ISBN shughulikia mapema, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kabla jalada halijakwenda kwa mchapaji. Kazi yenyewe iandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hayo hayakuuzii kitabu, lakini kuna siku shirika au halmashauri itataka kununua nakala nyingi kwa mpigo, na utaulizwa.

Redio ya jamii imenisaidia kuliko tangazo lolote la kulipia. Sikuomba kuhojiwa kuhusu kitabu. Nilimwandikia mtangazaji kwamba naweza kukaa saa nzima kujibu maswali ya wasikilizaji kuhusu ugomvi wa vikoba, na nikamwekea maswali matano ya kuanzia. Simu hazikukatika. Mama mmoja aliuliza afanye nini, mweka hazina wao ni shemeji yake na daftari halionyeshi kwa mtu. Mtangazaji mwenyewe alinyamaza kusikiliza. Nilijibu kwa utaratibu wa kitabuni: wanachama waombe kikao cha ukaguzi kwa mujibu wa katiba, wachaguliwe watu watatu, daftari lisomwe mbele ya wote, na neno "mwizi" lisitamkwe na mtu mpaka hesabu ifungwe. Niliandika swali lake kwenye daftari langu. Wiki iliyofuata likawa andiko langu la WhatsApp, bila jina wala mahali pake.

Daftari hilo la maswali ndilo chanzo cha karibu kila ninachoweka mtandaoni. Siku hizi picha ya jalada naiweka mara moja kwa mwezi. Siku nyingine naweka swali la mtu na jibu lake. Na unapoomba ushuhuda kwa msomaji, usimuulize kama kitabu ni kizuri. Muulize alifanya nini baada ya kukisoma. "Tulivunja mzunguko kwa dakika arobaini, mwaka jana ilituchukua siku mbili." Sentensi hiyo nilitumiwa na kikundi cha Dumila, nikaomba ruhusa, na nimeitumia miaka mitatu.

Nina jambo moja ambalo nilikaribia kulificha. Mwaka 2022 msomaji aligundua kwamba mfano wa riba kwenye ukurasa wa 47 umekosewa: nilitoza riba kwa mkopo wote wakati nusu ilikwisha kurejeshwa. Nakala zaidi ya 300 zilikuwa mikononi mwa watu. Usiku ule sikulala. Asubuhi niliandika kwenye makundi yote: ukurasa wa 47 una kosa, hesabu sahihi ni hii, nisameheni. Nikachapa vikaratasi vya masahihisho na kuvitia ndani ya kila nakala iliyobaki. Niliogopa kwamba nimejimaliza. Wiki ile waliniandikia watu ambao hawakuwa na kitabu, wakisema wameona masahihisho na wanataka nakala. Mtu anayekukabidhi hesabu za fedha ya watu 25 anataka kujua ukikosea utasema.

Toleo la pili lilikuwa nakala 1,000, na kwenye chumba cha watoto yamebaki maboksi mawili. Juzi mweka hazina wa Gairo amenitumia ujumbe: mwanachama wao amefariki katikati ya mzunguko, ana hisa 85 na mkopo ambao haujaisha, na wamejitokeza watu wawili wanaosema ni warithi. Wagawanyeje? Nimefungua kitabu changu mwenyewe, sura hiyo haimo. Nimewaomba wanisomee katiba yao inasema nini kuhusu mrithi, na wasitoe fedha kwa yeyote kabla ya kikao. Jumamosi napanda basi la asubuhi kwenda kukaa nao, na daftari la maswali liko ndani ya begi.