Wikendi ranchini Kongwa: toka Ijumaa, lala siku mbili

Mkuu, umeuliza hivi: umehamia Dodoma kikazi, una watoto wawili ambao kila Jumamosi wanashinda ndani, umesikia watu wanakwenda kulala ranchini upande wa Kongwa, na unataka kujua kama kuna la maana huko au mtatazama ng'ombe nusu saa halafu watoto waanze kulilia simu. Mimi na mke wangu tumeshakwenda mara tisa na watoto wetu watatu, kwenye ranchi ya familia moja nje kidogo ya mji wa Kongwa. Nakujibu kwa urefu kwa sababu safari yetu ya kwanza tuliipoteza bure, na sitaki nawe upoteze yako.

Mara ile tulitoka Dodoma Jumamosi saa nne, baada ya kuzunguka sokoni kununua vitu. Tukafika jua la utosi. Zizi lilikuwa tupu, limebaki samadi na nzi, maana ng'ombe walikuwa wametolewa malishoni tangu asubuhi. Mwenyeji akatutandikia mikeka chini ya mgunga, tukala, tukalala usingizi wa mchana. Jioni ng'ombe waliporudi sisi tulikuwa nyuma ya nyumba tunachoma nyama, muziki juu. Asubuhi tukaamka saa mbili, ng'ombe wameshakamuliwa, wameshaondoka. Saa nne tukafunga safari. Tulikaa pale siku nzima na usiku wake, na ranchi hatukuiona.

Kwa hiyo jambo la kwanza na kubwa kuliko yote: ranchi inafuata saa za ng'ombe. Mambo yote yako alfajiri na jioni. Mchana ni wa kivuli. Ukitoka Dodoma Ijumaa saa tisa alasiri, ukachukua barabara ya Morogoro na kukata kulia pale Mbande, unafika kabla jua halijazama, unapata jioni mbili na asubuhi mbili. Hizo nne ndizo wikendi yenyewe. Kama kazi haikuruhusu kutoka mapema Ijumaa, ahirisha hadi wiki nyingine.

Jioni ya kwanza msikae nyumbani. Nendeni mkasimame karibu na lango la zizi, pembeni, msiwazibie njia. Utaanza kuona vumbi, kisha kusikia kengele ya yule jike anayeongoza, kisha mluzi wa mchungaji. Mzee anayesimamia zizi pale kwetu ni Mgogo wa makamo, watoto wangu wanamwita babu. Anasimama langoni na fimbo, ng'ombe wanapita mbele yake mmoja mmoja au wawili wawili, na yeye anawahesabu bila kusogeza midomo. Siku moja alisimama tu, akatazama nyuma porini, akasema, "Yule mtamba mwekundu mwenye hereni iliyokatika hayupo." Kwenye kundi la ng'ombe zaidi ya mia mbili! Kijana mmoja akarudi na tochi, akamkuta amenasa kwenye tope la lambo. Binti yangu mkubwa hajaacha kuisimulia habari hiyo.

Ukifika kwa wazee kama hao, salamu kwanza. Sema "Mbukwenyi", wakuitikie "Mbukwa", halafu endelea na Kiswahili chako. Wanafurahi, na watoto wako watajifunza kwamba wameingia nyumbani kwa watu.

Ukamuaji unaanza kabla ya saa kumi na mbili, bado kuna giza. Ndama wanalala kwenye kizizi chao mbali na mama zao, la sivyo asubuhi hakuna kitu. Wanamfungulia ndama mmoja, anakimbia moja kwa moja kwa mama yake, anavuta chuchu kidogo maziwa yashuke, kisha wanamtoa na kumfunga kwenye mguu wa mbele wa mama yake. Jike anaanza kumlamba mwanawe shingoni, anatulia, na huku nyuma mkamuaji amechuchumaa, kamba miguuni mwa ng'ombe, ndoo katikati ya magoti. Sikiliza ile ndoo. Mwanzoni maziwa yanalia kwenye bati, mlio mkali. Yakianza kujaa mlio unakuwa mzito, na povu linapanda. Mwanangu wa mwisho alikuwa anafumba macho na kutuambia ndoo imefika wapi, na mara nyingi anapatia.

Hapo ndipo lilipotukuta jambo ambalo lazima nikuambie, kwa sababu una watoto. Safari yetu ya tatu, kijana wangu wa kiume, wakati huo ana miaka minane, alikwenda jioni kumtazama ndama aliyempenda, akatoka bila kurudisha komeo. Usiku ndama wote wakatoka, wakawafuata mama zao. Asubuhi ndoo zikarudi tupu. Yale maziwa yana mwenyewe: kuna mama mwenye mgahawa pale mjini anayapokea kila siku kwa ajili ya chai ya asubuhi, na mwenyeji wetu analipa mshahara wa vijana kwa hela hiyo. Mzee hakumgombeza mtoto. Alimwita, akamshika bega, akasema, "Mjukuu wangu, leo ndama wameshiba. Sasa twende ukamwambie mama mwenyewe."

Tukaenda wote kwenye gari langu. Kijana akasimama mbele ya yule mama, wateja wameshakaa kwenye mabenchi, akasema, "Shikamoo mama. Maziwa hayapo leo, ni mimi niliacha mlango wazi." Mama akamtazama, akaitikia marahaba, akasema, "Basi leo watu watakunywa ya rangi. Kesho usisahau." Nililipa thamani ya maziwa, tena nilisisitiza, kwa sababu mwenyeji aliona aibu kupokea. Tangu siku hiyo kijana wangu ndiye wa mwisho kulala tukiwa ranchini. Anazunguka na tochi kukagua makomeo. Waambie wako mapema: lango ulilolikuta limefungwa, lifunge, ulilolikuta wazi, liache wazi, huenda ng'ombe wanapitia hapo kwenda majini.

Kabla hujapanga tarehe, mpigie mwenyeji umuulize siku ya josho, ujitahidi iangukie Jumamosi yako. Sijaona kitu kinachowashika watoto kama josho. Ng'ombe wananyweshwa kwanza, kwa sababu mwenye kiu atakunywa ile dawa. Kisha wanapangwa kwenye njia nyembamba ya mbao, na mwishoni kuna shimo refu la saruji limejaa maji yenye dawa ya kupe. Ng'ombe wa mbele anasita, ananusa, masikio yamesimama, anasukumwa na wenzake, halafu anaruka. Anazama mzima mzima, unaona maji yamefunga juu yake, kisha kichwa kinaibuka upande wa pili, macho yametoka, anaogelea hadi kwenye ngazi. Kijana mmoja anasimama pembeni na mti wenye panda, anawakandamiza vichwa wale walioruka bila kulowa masikio, kwa kuwa kupe wanaoeneza ugonjwa wa ndigana kali wanapenda kujificha humo humo masikioni. Wakitoka wanasimama kwenye sakafu yenye mteremko ili dawa irudi shimoni. Simama upande upepo unakotoka, maana harufu ni kali na maji yanaruka. Watoto wasiguse ng'ombe hadi wakauke.

Binti yangu aliuliza siku hiyo kwa nini upande ule nchi iko wazi hivi, nyasi tupu na mibuyu imesimama mmoja mmoja, wakati vilimani kuna vichaka vizito. Hilo lina historia yake, na ukiwa na watoto wa shule usiache kuwasimulia mkiwa mmesimama palepale. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na Kongwa ndipo walipoanzia. Walitaka kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Walileta matrekta na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, wakafunga minyororo ya nanga za meli kati ya mashine mbili na kuburuta vichaka chini. Mibuyu iliwasumbua sana. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi unakauka kama tofali, karanga zinanasa ardhini hazing'oleki, na mvua za hapa hazina ahadi. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, umekula kama pauni milioni 36. Ardhi ikabaki imefyekwa, nyasi zikaota, na ng'ombe wakaingia. Wagogo walikuwa wanachunga huku zamani, na wangeulizwa wangesema. Mimi kila nikisimama pale jambo hilo huniuma.

Ranchi ya Taifa ya Kongwa, ile kubwa ya NARCO, kampuni ya serikali ya ranchi, ni matunda ya historia hiyo hiyo, na ng'ombe wake wa Boran wanajulikana nchi nzima. Hiyo siyo niliyokuwa nalala. Ukitaka kuitembelea pitia ofisini kwao ukaombe, ni sehemu ya kazi.

Jumamosi mchana, wakati ranchi imelala, ndio wakati wa kwenda mjini. Kongwa ni mji mdogo, utauzunguka kwa miguu. Lakini mji huu ulibeba watu wazito. Kuanzia miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine walikuwa na kambi zao hapa, Samora Machel mwenyewe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, alikaa hapa, na wapo waliofia hapa wakazikwa hapa. Tulikwenda kwenye makaburi yale na watoto. Usiende na kelele. Pata mwenyeji akupeleke, wazee wanaokumbuka bado wapo na wanasimulia vizuri kuliko mimi.

Msimu. Mimi nachagua Mei na Juni. Mvua zimekwisha, majani bado yapo, majike wana maziwa, usiku baridi ya kuota moto. Agosti na Septemba upepo unavuma siku nzima na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye ugali. Ng'ombe wamekonda, na kwa kweli vijana wa zizini wana kazi nyingi ya kutafuta maji kuliko kukaa na wageni. Januari hadi Machi nchi inapendeza mno, lakini makorongo yanajaa kwa nusu saa, hata kama pale mlipo haijanyesha. Ukikuta korongo lina maji, simama usubiri yapungue. Usijaribu na gari dogo, wala kubwa.

Kula, utakula chakula chao. Ugali wa mtama au uwele, mlenda, maziwa ya mgando, na mkikubaliana mapema watakuchinjia mbuzi. Maziwa yachemshwe, tena mbele yako, hata kama mwenyeji anakunywa mabichi. Kuna maradhi ya ng'ombe yanayoingia kwa maziwa mabichi na kumtesa mtu miezi. Bei ya vyumba, chakula na mbuzi patana kwa simu kabla hujatoka. Na kitu kidogo cha vijana wa zizini mpe mwenye zizi akigawe mwenyewe. Sisi tunabeba pia sukari na majani ya chai kwa ajili ya babu.

Vitu vingine vya kubeba ni vya kawaida: viatu vya kufunika mguu, soksi ndefu za kuingizia suruali ndani kwa sababu ya kupe, jaketi, chandarua, tochi moja kwa kila mtoto, maji ya kunywa ya siku mbili. Umeme pale ni wa sola, unatosha taa na kuchaji simu, basi. Kila jioni kagua watoto nyuma ya masikio na kwapani. Spika acheni Dodoma. Usiku kuna fisi wanalia mbali, na ng'ombe wanacheua, unawasikia ukiwa kitandani.

Kwa wale wa Dar waliouliza kama inawezekana kwa wikendi: tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 inawezekana, ila panda ya Ijumaa asubuhi, gari la kukupeleka Kongwa liwe linakusubiri stesheni. Ukipanda ya mchana utafika zizi limeshafungwa.

Mkuu, kama utakwenda Juni, nitumie ujumbe wa faragha nikuunganishe na mwenyeji, sitaki kumwaga namba yake hapa. Mwambie umetumwa na baba wa yule mtoto wa makomeo. Atakujua.