Jibu: Mzee wa baraza ni mwanafalsafa au ana busara tu?

Salaam ndugu. Umekwama hapa: mzee anayesuluhisha kesi za mipaka ya mashamba kijijini kwenu, tumwite mwanafalsafa au ana busara tu?

Kwanza angalia anajibu nini ukimuuliza "kwa nini". Kwenye mabaraza ya ukoo niliyokaa, wengi husema "ndivyo tulivyoachiwa", na uamuzi wao bado ni mzuri: wanajua nani ana kinyongo, nani analea yatima, na kesi ipi isubiri mavuno yaishe. Hiyo ndiyo busara ya matendo aliyoieleza Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale; huipati bila kuishi na watu. Kant, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1785 alidai kitu tofauti: kanuni unayoweza kutaka iwe sheria kwa kila mtu.

Ila usiweke ukuta kati ya wenye busara na wanafalsafa. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwahoji wazee wa Kenya, akatenganisha wanaohifadhi mila na wanaoipima kwa hoja zao wenyewe. Hao wa pili aliwahesabu wanafalsafa, hata wasiojua kusoma.

Kwa hiyo muulize wako: mila ikimnyima binti shamba, anakubali? Kwa hoja gani? Akikujibu, tuletee hapa.