Taa ya ruta inapepesa usiku kucha, kumbe ni printa ya okazioni

Bana, kama mega zinaisha mbio na taa za ruta zinapepesa hata watu wote wamelala, usikimbilie kusema jirani anaiba koneksio. Mimi nilisema hivyo. Hapa kwetu Himbi nilibadilisha kode ya waifai mara 2 kwa wiki moja, kila mara naingiza upya kwa telefone ya bibi yangu, za watoto, ya mgeni, na taa bado inapepesa. Nikachomoa mpaka waya unaoleta intaneti kutoka nje. Bado! Kumbe kelele iko mule mule ndani ya nyumba.

Nikaweka Wireshark kwa laptop, programu inayoonyesha kinachopita kwa mtandao, ni ya bure, kwa filta nikaandika eth.dst == ff:ff:ff:ff:ff:ff, hiyo ndiyo anwani ya brodikasti, yaani tangazo linalofika kwa mashine zote, ndio maana laptop yako inalisikia hata kama haliihusu. Machache ni kawaida, telefone ikiingia kwa waifai inaomba IP, namba yake ya kwa mtandao, kwa njia hiyo hiyo. Lakini kwangu mstari mmoja ulijirudia karibu kila sekunde: nani ni 10.10.4.1? amjibu 10.10.4.37. Na IP za nyumba nzima zinaanza na 192.168.1, sasa huyu wa 10.10 katoka wapi?

IP usihangaike nayo, mtu anaiandika vile anataka. Angalia MAC ya mwenye kutuma, ile namba mashine inatoka nayo kiwandani, tarakimu 6 za kwanza zinakuonyesha kampuni (telefone za sasa zinajitungia MAC, ukiona ya pili ni 2, 6, A ao E, kampuni hutaipata). Yangu ikasema kampuni ya printa.

Printa! Niliinunua okazioni kule Birere, nachapa kwa USB tu, waya wa mtandao niliuchomeka kwa ruta nikasema nitairegle siku ingine. Nikaigeuza, nikamulika na tochi ya telefone, kibandiko chenye MAC nusu kimechunika lakini tarakimu 4 za mwisho zinasomeka, ni yeye. Maskini, bado ilikuwa inatafuta ruta ya ofisi yake ya zamani. Nikaingia kwa menyu, IP nikaweka otomatiki, kelele ikakatika.

Kama huna laptop, chomoa kimoja kimoja huku unaangalia taa.

Na mega? Matangazo hayavuki ruta, kwa hiyo printa haikula hata moja. Ilikuwa telefone yangu mimi mwenyewe, inapandisha mapicha yote kwa intaneti usiku, na hiyo bibi bado sijamwambia.