Kila nchi na kigrafu chake
Dada, umeuliza uchore vipi lugha ya nyumbani na imani kwa bunge, Kenya, Tanzania na Uganda, kwa data ya Afrobarometer, ule utafiti wa maoni ya wananchi barani Afrika. Achana na duara za pai. Chora vigrafu vidogo, kila nchi chake, mizani ile ile ya asilimia 0 hadi 100. Sampuli huwa watu 1,200 au 2,400 kwa nchi, kwa hiyo lugha yenye watu 30 itakudanganya; onyesha kiwango cha makosa, yaani jibu la kweli laweza kuwa juu au chini kwa kiasi gani. Halafu jirani yangu hapa Kayole huongea Kikamba na mamake, Kiswahili na watoto, Sheng kwa matatu. Huyo utamweka safu gani? Tenganisha pia mjini na mashambani, la sivyo utadhani tofauti inatokana na lugha, kumbe ni kuishi mjini kama Nairobi. Na utumie safu ya uzani, namba za kurekebisha sampuli ifanane na watu wa nchi nzima; iko kwenye faili ya data.