Chipu inachimba leo, kesho inavuka grini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nacheza gofu Limuru, handikapu yangu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) ni 22. Nikipiga chipu, yaani pigo fupi mpira ukiwa hatua chache tu nje ya grini (nyasi fupi zenye shimo), mara nagonga ardhi kwanza na mpira unasogea kidogo tu, mara naupiga kiunoni, yaani katikati yake, unapaa hadi upande wa pili. Nimenunua weji (fimbo yenye uso uliolala sana) ya digrii 60, nikaelekezwa niweke mpira karibu na mguu wa kulia na kusukuma mikono mbele sana. Hali imezidi kuwa mbaya. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Hayo unayoyaona makosa mawili ni moja. Kichwa cha fimbo kikishuka huchora upinde, na upinde una mahali pake pa chini kabisa. Mahali hapo pakiwa nyuma ya mpira, ama fimbo itachimba, ama itakuwa imeshaanza kupanda na makali yake yaukute mpira kiunoni. Ndiyo sababu ukijizuia usichimbe unaanza kuvusha grini, na ukiogopa kuvusha unarudi kuchimba.

Chanzo, kwa wanafunzi wengi ninaowaona, ni kutaka kuunyanyua mpira. Mtu anaegemea mguu wa kulia na kuvunja kifundo cha mkono wa kushoto ili auchote. Acha. Uso wa weji umelazwa tayari, kuupandisha mpira ni kazi yake. Kwa anayepiga kulia, sogeza miguu ikaribiane, uzito kama asilimia 60 uwe mguu wa kushoto na ubaki huko hadi mwisho, mpira uwe katikati, kifua kiwe juu ya mpira au mbele yake kidogo. Kisha kifua kigeuke kuelekea shimo pamoja na mikono.

Sasa hayo maelekezo ya kusukuma mikono mbele sana. Siyakubali, na kwa uwanja wenu nayapinga kabisa. Geuza weji utazame kitako chake: sehemu ya nyuma imeshuka chini kuliko makali ya mbele. Imeundwa hivyo makusudi ili fimbo iteleze juu ya ardhi isizame. Kwenye weji ya mchanga pembe ya kitako hicho mara nyingi ni digrii 10 hadi 14. Ukiulaza mpini mbele kwa digrii 10, umeifuta karibu yote, na kinachotangulia kuingia ardhini ni makali. Mikono iwe mbele ya mpira kidogo tu, mpini uelekee paja la kushoto, basi. Utasikia kitako kikiparuza nyasi.

Hili lina uzito zaidi kwenye nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Shina lake ni nene, linatambaa na kusukana, na makali yakizama humo fimbo inashikwa hapo hapo. Hata wachezaji wakubwa wa Marekani wanahangaika nazo kwenye uwanja wa Riviera, Los Angeles. Msimu wa masika, udongo ukilowa, ndiyo kabisa. Kwa hiyo kwenye kikuyu usiuache mpira ukimbie nyasi ndefu chini. Uangushe ndani ya grini, kama hatua moja kutoka ukingoni, kisha ubiringike.

Weji ya digrii 60 iache begini kwanza. Ina kazi yake, bunka (shimo la mchanga) ikiwa katikati na shimo liko karibu, lakini inadai upigaji mrefu kwa umbali mfupi, na hapo ndipo kosa dogo linapokuwa kubwa. Kuna hesabu ya zamani ninayoipenda: pima hatua za mpira kuruka na hatua za kubiringika, gawanya za pili kwa za kwanza, jibu litoe kwenye 12. Ukihitaji uruke hatua 3 na ubiringike 9, jibu ni 3. 12 toa 3 ni 9, yaani fimbo ya chuma namba 9. Jibu likiwa 2, chukua weji ya kupichi, tunayoihesabu kama namba 10. Hesabu hii ni ya grini tambarare yenye kasi ya wastani. Kwenye mteremko panda namba, yaani fimbo iliyolala zaidi.

Kwa mazoezi, kunja taulo na uilaze upana wa kiganja nyuma ya mpira. Ukiigusa taulo, uzito umerudi kulia. Anza bila mpira, paruza nyasi mahali pamoja mara kadhaa mfululizo, ndipo uweke mpira hapo. Chagua doa la kuangukia na ulitazame hilo, si shimo. Urefu wa kurudisha fimbo na wa kuipeleka mbele ulingane. Umbali uubadili kwa urefu huo, usiongeze nguvu ghafla mkononi.

Na mpira ukiwa ukingoni kabisa, nyasi zimekatwa fupi na hakuna cha kuvuka, chukua pata, fimbo ya kubiringisha mpira.