Jibu: Nyumba ya marehemu baba, bei ya dalali inatosha?

Poleni kwa msiba, dada. Umeuliza kama bei ya dalali inatosha ili kaka yenu abaki na nyumba ya Mbagala na kuwalipa ninyi wengine mafungu yenu. Mngekuwa mmekubaliana wote, ningesema sawa. Lakini mdogo wenu ameshaanza kunung'unika, kwa hiyo tafuteni mthamini aliyesajiliwa, na mumchague pamoja. Anayenunua akimleta mtu wake, maneno hayaishi.

Nyumba ya mama yetu, dalali alitaja milioni 80 akiwa amesimama barabarani. Mthamini aliingia hadi chooni, akapima kwa futi, akapiga picha ufa wa jikoni, akauliza karatasi za kiwanja. Ikatoka 62. Hata shangazi alinyamaza.

Mwambieni mthamini mapema kuwa ni kwa ajili ya mirathi, na mnataka thamani ya lini: baba alipofariki au leo. Kama miaka imepita, tofauti si ndogo. Na msimamizi wa mirathi asilale. Kama mlifungua mirathi mahakama ya mwanzo, ana miezi minne tangu ateuliwe, au muda zaidi mahakama ikimruhusu, kurudisha fomu namba 5, ya orodha ya mali na madeni ya marehemu; fomu namba 6, ya hesabu za mirathi, hufuata kwa muda ambao mahakama itapanga.